Mama Ameanza Kazi Mpya: Kupanga Chakula cha Nyumbani cha Wiki Nzima

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mama aliyepata kazi mpya. Pengine umeajiriwa katika shamba la maua kule Naivasha, au kiwandani Athi River, au umepata kazi ya kuuza duka mjini, kufua, kufundisha shule ya chekechea, au kuwa mlinzi wa usiku. Pia yanamhusu mlezi anayebaki na watoto: nyanya, shangazi, dada wa kazi, au jirani mwema. Tutazungumza juu ya chakula cha nyumbani: jinsi ya kukipanga kwa wiki nzima ili kazi mpya isiwaletee watoto njaa au maradhi, na wewe mwenyewe isikukondeshe.

Kwanza nikupongeze. Kupata kazi si jambo dogo. Mshahara huo ndio karo ya shule, ndio kodi ya nyumba, ndio kadi ya hospitali. Lakini sisi wauguzi tunaopima watoto kliniki huona jambo moja mara kwa mara. Mama anapoanza kazi, mstari wa uzito wa mtoto katika kijitabu cha kliniki huweza kuanza kulala. Pesa zimeongezeka nyumbani, lakini mtoto hakui. Kwa nini?

Sababu zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni wakati. Mama aliyekuwa akipika mara tatu kwa siku sasa anatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 1 usiku. Ya pili ni pesa. Umeanza kazi leo, lakini mshahara ni mwisho wa mwezi, na nauli ya matatu inahitajika kila siku. Ya tatu ni mlezi. Yule anayebaki na mtoto huenda hajui kiasi gani cha chakula mtoto anahitaji, au hakuachiwa chochote cha kumpikia. Mambo haya matatu yakikutana, nyumba nzima huishi kwa chai na mkate, mandazi ya barabarani, na ugali na sukuma wiki saa 3 usiku wakati watoto tayari wamelala.

Ndiyo maana tunasema: panga. Najua wahenga walisema mipango si matumizi. Kweli, lakini asiyepanga hutumia mara mbili. Anayenunua unga wa robo kilo kila jioni kwenye kioski hulipa zaidi ya yule aliyenunua pakiti nzima, na bado analala bila akiba.

Sasa tuanze hatua kwa hatua. Kama una kalamu na karatasi, chukua.

HATUA YA KWANZA: IJUE WIKI YAKO

Kabla ya kuandika chakula, andika siku. Unafanya kazi siku gani? Unatoka saa ngapi? Unarudi saa ngapi? Siku yako ya mapumziko ni ipi? Ikiwa unafanya kwa zamu, andika zamu za wiki hiyo. Halafu weka alama siku ambazo utarudi umechoka kabisa. Siku hizo ndizo za vyakula vinavyoiva upesi. Vyakula vinavyochukua muda mrefu jikoni, kama githeri na maharagwe, viweke siku ya mapumziko, au siku ambayo kuna mtu mzima nyumbani wa kuangalia moto.

Wiki ya kwanza ya kazi usijaribu kupanga mambo makubwa. Panga chakula cha jioni peke yake. Wiki ya pili ongeza cha asubuhi. Wiki ya tatu ongeza cha mchana cha watoto na cha kubeba kazini. Haba na haba hujaza kibaba.

HATUA YA PILI: MAKUNDI MATATU YA CHAKULA

Ninyi mliowahi kuhudhuria kliniki yetu mnakumbuka makundi matatu. Kila mlo ujitahidi kuwa na kitu kutoka kila kundi.

Kundi la kwanza ni vyakula vya kutia nguvu: ugali, wali, viazi, viazi vitamu, nduma, ndizi, chapati, uji. Mafuta ya kupikia pia yamo humu.

Kundi la pili ni vyakula vya kujenga mwili: maharagwe, ndengu, kunde, minji, omena, samaki, mayai, maziwa, nyama, njugu karanga.

Kundi la tatu ni vyakula vya kulinda mwili: sukuma wiki, terere, managu, majani ya kunde, mchicha, kabichi, karoti, malenge, nyanya, na matunda kama papai, embe, chungwa, ovakado na ndizi mbivu.

Wengi wetu hatukosi kundi la kwanza. Kundi la pili ndilo hupotea mama anapokuwa na haraka. Ugali na sukuma wiki pekee, siku saba, si mlo kamili kwa mtoto anayekua. Huhitaji nyama kila siku. Kijiko cha omena, yai moja, kikombe cha maziwa mala, au bakuli la ndengu vinatosha kuubadilisha mlo huo.

Tena kuna siri ndogo kuhusu damu. Madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga za majani huingia mwilini vizuri zaidi mtu akila pamoja na chungwa, limau au nyanya. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo. Basi chai ipe nafasi yake: iache mpaka saa moja hivi baada ya kula. Na watoto wadogo wasipewe chai ya majani.

HATUA YA TATU: SOKO MOJA KUBWA, SOKO MOJA DOGO

Mama wa kazi hana muda wa kwenda sokoni kila siku. Panga soko kubwa mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko, na soko dogo katikati ya wiki, labda Jumatano jioni ukishuka kwenye matatu, la mboga na matunda pekee.

Katika soko kubwa, anza na vyakula vikavu visivyooza: unga, mchele, maharagwe, ndengu, omena kavu, chumvi, mafuta. Gorogoro moja ya maharagwe au ndengu huwa nafuu kuliko kununua kwa vikombe. Mkiwa akina mama wawili au watatu katika ploti moja, mnaweza kununua pamoja na kugawana.

Je, utajuaje kiasi cha kununua? Usikisie. Wiki moja, pima kwa kikombe kimoja kile kile kila unachopika, na uandike. Vikombe vingapi vya unga jioni? Vikombe vingapi vya ndengu? Mwisho wa wiki utajua nyumba yako inakula kiasi gani, na hiyo ndiyo hesabu yako ya kwenda nayo sokoni.

Chunguza nafaka kabla ya kulipa. Mahindi, maharagwe au njugu zilizo na kuvu, rangi ya kijani au harufu mbaya usinunue hata zikiwa za bei ya chini. Kuvu hiyo huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Nyumbani weka nafaka mahali pakavu, juu ya mbao au mawe, zisiguse sakafu.

Na katika mwezi wa kwanza, kabla mshahara haujafika, tenga kwanza pesa za nauli na za vyakula vikavu. Mboga na nyanya huweza kuongezwa kidogo kidogo. Jihadhari na deni la kioski. Linaanza kwa pakiti ya maziwa na kumaliza nusu ya mshahara ambao bado hujaupokea.

HATUA YA NNE: KAZI YA SIKU YA MAPUMZIKO

Siku ya mapumziko tumia saa mbili hivi kwa maandalizi. Si lazima upike kila kitu. Kuna kazi nyingi zisizoharibika: kuchambua maharagwe na ndengu za wiki nzima na kuzipima katika mifuko ya mlo mmoja mmoja, kuchambua omena, kuondoa mchanga, kuziosha kwa maji ya vuguvugu na kuzikausha tena juani hadi zikauke kabisa, kutayarisha unga wa uji, kukata kuni au kununua makaa au kujaza gesi.

Mboga za majani usizikate siku nyingi kabla. Zioshe kwanza zikiwa nzima, kisha uzikate unapotaka kupika, na uzipike muda mfupi. Mboga ikikatwa na kulala, au ikichemshwa hadi ibadilike rangi, hupoteza vitamini.

Wenye friji wanaweza kuchemsha maharagwe au githeri nyingi, kuipoza upesi katika vyombo vipana, kisha kuiweka katika vyombo vidogo vyenye vifuniko. Itakaa siku tatu. Kila jioni toa chombo kimoja, kaanga na kitunguu na nyanya, na ichemke vizuri hadi moshi utoke kila mahali.

Wasio na friji, na ndio wengi wetu, msipike chakula cha siku tatu. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila joto wala baridi. Wali na maharagwe hasa huharibika upesi, na wakati mwingine havinuki wala kubadilika ladha. Ninyi kazi yenu ya mapumziko iwe maandalizi makavu, na jioni za kazi chagueni vinavyoiva haraka: ndengu zilizolowekwa, omena, mayai, mboga.

Kuhusu maharagwe, sikilizeni vizuri. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, weka maji mapya, na maji yakishachemka yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharagwe, hasa yale mekundu, yakipikwa nusunusu husababisha kutapika na kuhara vibaya. Faida nyingine ya kuloweka ni kwamba huiva mapema, na makaa hupungua.

Kuna pia kikapu kisichohitaji moto. Ni kikapu kikubwa kilichowekwa blanketi kuukuu au nguo nzito ndani, pande zote, na mto wa kufunika juu. Unachemsha chakula kwanza. Mchele ukichemka dakika chache, au maharagwe yaliyolowekwa yakitokota nusu saa, unafunika sufuria vizuri na kuitia kikapuni ikiwa moto kabisa. Chakula kinaendelea kuiva chenyewe. Ukichemsha alfajiri, mlezi anakitoa mchana na kukichemsha tena kabla ya kula. Kisipitishe saa tano humo, maana kikishapoa vijidudu huzaana.

Neno moja la tahadhari. Mama aliyechoka huweza kuacha jiko la makaa likipika maharagwe chumbani huku watu wamelala na mlango umefungwa. Usifanye hivyo kamwe. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima huweza kufa usingizini. Jiko la makaa likae nje au mahali penye hewa, na kabla ya kulala litolewe nje.

HATUA YA TANO: ANDIKA WIKI UKUTANI

Sasa nikupe mfano wa jioni saba. Badilisha kulingana na unachopata kwenu.

Jumapili, siku ya mapumziko: githeri yenye viazi na kabichi, na chungwa.

Jumatatu: wali na ndengu zilizolowekwa tangu asubuhi, na karoti ndani yake.

Jumanne: ugali, omena na sukuma wiki.

Jumatano, siku ya soko dogo: ugali, mayai ya nyanya na kitunguu, na terere.

Alhamisi: maharagwe ya kikapuni yaliyoliwa mchana nyumbani, jioni viazi na minji, na ovakado.

Ijumaa: ugali, managu au majani ya kunde, na maziwa mala.

Jumamosi: siku ya wazi. Pika kilichobaki katika mifuko yako, au samaki kama pesa ziliruhusu.

Siku ya wazi ni muhimu. Kuna siku matatu itachelewa, au msimamizi atasema mbaki kazini. Siku hiyo sogeza chakula, usiuache mpango wote.

Asubuhi: uji wa wimbi wenye maziwa, au viazi vitamu. Viazi vitamu huchemka wakati unaoga na kuwavisha watoto sare.

MTOTO MDOGO ANAYEBAKI NYUMBANI

Hapa ndipo moyo wa mazungumzo yetu. Mama mmoja aliyekuwa ameanza kazi ya kuchuma maua alileta mtoto wa miezi tisa kliniki. Uzito haukuwa umepanda kwa miezi miwili. Tulipoulizana, alieleza kwamba saa 10 usiku hupika uji, hutia kwenye chupa ya chai, na mtoto huunywa uji huo huo hadi jioni. Ulikuwa mwepesi ili upite kwenye chupa ya kunyonyea. Mtoto alikuwa anashiba maji.

Hakuhitaji kuacha kazi. Tulibadilisha mambo matatu. Uji ukawa mzito, unaoshika kwenye kijiko, na ukatiwa maziwa. Mchana mlezi akaanza kuponda kiazi au ugali laini pamoja na ndengu au yai na mboga, na kumlisha kwa kikombe na kijiko. Na mama akaendelea kunyonyesha kabla ya kutoka, akirudi, na usiku. Mwezi uliofuata mstari ulipanda.

Basi, akina mama na walezi, shikeni haya. Mtoto kabla ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Akifika miezi sita aanze chakula laini mara mbili au tatu kwa siku, vijiko viwili vitatu vikubwa kila mara, akiongezewa polepole hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi tisa hadi miaka miwili ale mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati kama ndizi au ovakado. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, na njugu nzima asipewe mtoto mdogo, zitamsakama, zisagwe.

Wengine huuliza kuhusu unga wa uji uliochanganywa nafaka saba, maharagwe, omena na njugu kwa pamoja. Vitu hivyo haviivi kwa wakati mmoja, na tumbo la mtoto hulemewa. Chagua nafaka moja, kama wimbi. Maziwa au njugu zilizosagwa utaongeza wakati wa kupika. Omena na maharagwe yapike kama chakula.

Mama anayenyonyesha anaweza kukamua maziwa. Nawa mikono, kamua kwa mkono kwenye kikombe safi chenye kifuniko kilichochemshwa. Mahali penye ubaridi wa kawaida maziwa hayo hukaa saa nne. Katika friji siku nne. Usiyachemshe. Weka kikombe katika maji ya vuguvugu, na mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Na ujue haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyesha au kukamua, na atoe mapumziko ya kazi hiyo, mbali na saa ya chakula, yasiyozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi. Ukiwa mgeni kazini ni vigumu kudai. Uliza kwa upole, pamoja na wenzako, kupitia kwa msimamizi au mwakilishi wa wafanyakazi.

MLEZI NAYE

Mlezi si mashine. Mwachie chakula, si maagizo pekee. Mwonyeshe kwa macho: hili ndilo bakuli la mtoto, ajazwe hapa, hiki ndicho kikombe cha kupimia. Kama hasomi, tumia vyombo na mifuko tofauti kwa kila siku. Jioni usimwulize, "Amekula?" maana jibu ni ndiyo kila siku. Mwulize, "Amekula nini, na alibakisha kiasi gani?" Na mlezi mwenyewe ale chakula hicho hicho. Dada wa kazi aliyelala njaa atakula cha mtoto, na si lawama yake.

Mtoto akilelewa kwa mama wa kulea watoto pale mtaani, peleka chakula chake katika chombo safi chenye kifuniko, kikiwa moto, kwa mlo mmoja. Angalia kama kuna maji safi na sabuni, na kama watoto wanalishwa mmoja mmoja au kwa kijiko kimoja.

Kinababa mnaotusikiliza, anayefika nyumbani kwanza ndiye awashe jiko. Ndengu hazijui ni mkono wa nani umezitia sufuriani.

NA WEWE MAMA

Wengi wa akina mama wa kazi hunywa chai kavu alfajiri na kukaa hadi jioni. Mwezi wa pili wanakuja kwetu na kizunguzungu na tumbo linalowaka. Kula kabla ya kutoka. Beba chakula: viazi vitamu na yai, au chapati na ndengu zilizopikwa alfajiri hiyo na kutiwa moto kwenye kopo la kuhifadhi joto. Beba maji yaliyochemshwa. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi ya kawaida, si kupungua.

USAFI NA DALILI ZA HATARI

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, kabla ya kulisha, baada ya choo na baada ya kumbadilisha mtoto nepi. Nyama mbichi na samaki mbichi visikatiwe kibao kimoja na mboga ya kuliwa mbichi. Chakula cha mtoto kipikwe kile cha mlo huo. Kilichobaki kwenye bakuli lake kisiwekwe.

Mtoto akihara, mwendelezee kunyonya na kula, mpe maji ya ORS, na umpeleke kituo cha afya akapate pia zinki. Mpeleke haraka akiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, kinyesi kina damu, amevimba miguu, amelegea au ana degedege. Usisubiri siku yako ya mapumziko. Mlezi awe na nambari ya simu ya kukupata na awe na nauli kidogo iliyofichwa mahali mnapojua.

Na kliniki usiache kwa sababu ya kazi. Mwambie muuguzi zamu zako, tutapanga. Mhudumu wa afya wa mtaa wako anaweza pia kumpima mtoto mkono kwa utepe wa rangi. Ukisoma manjano au nyekundu, njooni kituoni upesi.

KWA UFUPI

Tumesema nini leo? Ijue wiki yako kabla ya kuandika chakula. Kila mlo uwe na makundi matatu. Soko kubwa moja, soko dogo moja. Siku ya mapumziko tayarisha. Bila friji usipike cha siku nyingi. Mtoto apewe chakula kizito, kwa kikombe na kijiko, na maziwa ya mama yaendelee. Mlezi aonyeshwe na ashibe. Mama ale kabla ya kutoka.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

Moja: Katika nyumba zetu, ni siku gani za wiki watoto hulala bila kundi la pili la chakula, na kwa nini?

Mbili: Akina mama wa ploti au kijiji chetu wanaweza kununua nini kwa pamoja kuanzia wiki hii?

Tatu: Nani miongoni mwetu anayelea watoto wa wenzake mchana, na anahitaji msaada gani?

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya chanjo za mtoto. Kabla ya hapo, usiku wa leo, chukua ndengu kikombe kimoja, zichambue, ziloweke, ufunike. Kesho ukirudi kazini utakuta nusu ya kazi imekwisha fanyika.